Rafu za Dirishani

Shule yangu ilikuwa na vyumba viwili, walimu wawili na birika moja la umeme. Ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mazulia lililofungwa, Croydon, kusini mwa London, karibu na kona ambapo tramu hupiga kengele kabla ya kukata. Ukipanda ngazi kengele ilikuwa inakufuata. Ukifunga mlango nyuma yako, huisikii tena. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoipendea.

Ilikuwa shule ya halmashauri, watu hawalipi. Wanafunzi walikuwa wa miaka kumi na mmoja mpaka kumi na minane, watoto ambao shule kubwa ziliwashinda kwa sababu hii au ile. Hatukukaa darasani. Kila mmoja alikuwa na faili lake na saa yake moja kwa wiki ya kukaa na mwalimu, wawili tu, meza moja. Mwalimu anasoma kazi uliyofanya nyumbani, anakuuliza, anakueleza, anakupa nyingine ya wiki inayofuata. Ukitaka kukaa chumba cha pili kusoma siku nyingine, karibu, kuna chai. Mkuu wa shule, mzee mfupi mwenye sweta ile ile mwaka mzima, alinieleza siku ya kwanza, "Hapa hatuhesabu siku ulizokaa kwenye kiti. Tunahesabu kazi uliyoileta."

Mimi nilifika pale baada ya kuacha shule kubwa. Darasa la saba nilimaliza Kigoma, kwa sababu tulitoka Uvira, Kongo, nikiwa mdogo, tukavuka ziwa, tukakaa upande ule miaka mingi. Baba tulimzika huko. Tulipofika London, mama, mimi na mdogo wangu wa kike aliyekuwa na miaka mitano, nilipelekwa shule yenye watu wengi kuliko mtaa wetu wote wa Kigoma. Kengele ikilia, korido zinajaa mabega. Nilikuwa nasimama ukutani mpaka wote wapite. Nikifika darasani nimechelewa, naulizwa kwa nini, sijibu. Sikuwa bubu. Jibu lilikuwa linakuja, ila linakuja wakati swali limeshahamia kwa mtu mwingine. Mwisho nikawa natoka nyumbani na begi, napanda basi la ghorofa, nakaa juu mbele, naenda nalo mpaka mwisho na kurudi nalo. Nilifanya hivyo karibu muhula mzima. Halmashauri ilipogundua, badala ya kugomba, ilinitafutia nafasi juu ya duka la mazulia.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ile shule ilikuwa na maana gani kwangu, namwambia, ilikuwa ni hiyo au basi.

Sasa nieleze jinsi nilivyokuwa nafanya kazi, maana matatizo yote yalitokea humo.

Kigoma, mwalimu wetu wa darasa la tano alikuwa hapokei daftari lenye mkato. Neno likikatwa, anakurudishia, unaandika ukurasa mzima upya, umesimama. Kwa hiyo tulizoea kuandika mara mbili. Kwanza rafu, kwenye karatasi yoyote, halafu unanakili kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, rafu unaitupa. Kumpa mwalimu rafu ilikuwa kama kumkaribisha mgeni kabla hujafagia. London sikuacha desturi hiyo. Kazi ya ukurasa mmoja ilinichukua Jumamosi yote na nusu ya Jumapili. Nilianza kwa Kiswahili pale Kiingereza kilipogoma, nikakata, nikafungua kamusi, nikakata tena. Rafu nne, tano. Halafu safi moja. Meza yetu ilikuwa ya mdogo wangu na kalamu zake za rangi, kwa hiyo mimi niliandikia kwenye ubao wa kupigia pasi, nimeushusha mpaka usawa wa kiti, karibu na dirisha.

Karatasi za rafu alizileta mama. Alikuwa anafanya usafi kwenye jengo moja la ofisi, anaanza alfajiri, anamaliza wafanyakazi wenyewe wakianza kuingia. Pembeni ya mashine ya fotokopi kulikuwa na sanduku la karatasi za kutupwa, zimechapwa upande mmoja, upande wa pili mweupe kabisa. Mama hakuweza kuliona jambo hilo na kunyamaza. Alizikunja, akaziweka chini ya nguo zake za kazi.

"Lakini hizi haziendi inje," aliniambia tangu mara ya kwanza. Mama hajawahi kuacha Kiswahili cha Uvira. "Umesikia? Mutu wa inje asizione."

"Lakini Mama, wamezitupa."

"Wamezitupa kwabo. Ule musimamizi alisema hakuna kitu kinatoka mule ndani. Hakuna. Yule mama wa Ghana alitoka na biskuti, biskuti ya kubakia kwa sahani, kesho yake hakurudi."

Basi sikuzitoa. Nikimaliza kunakili, rafu nampa mama. Fleti yetu ilikuwa na madirisha ya zamani ya fremu za mbao zilizopinda, na upepo ulikuwa unaingia kama una funguo. Mama alizikunja rafu zangu nyembamba, kama anafunga sigara, akazisukuma kwa kisu cha siagi kwenye nyufa zote, juu, chini, pembeni. Majira yetu ya baridi ya pili London, madirisha mawili yalikuwa yamejaa. Ukikaa karibu unaona maneno yangu yanachungulia: nusu ya "because", nusu ya "kwa sababu".

Saa yangu ilikuwa Jumanne asubuhi. Mwalimu wangu alikuwa mwanamke mrefu, miwani imefungwa kamba shingoni, mtu wa haki na wa haraka. Kwa miezi minne alisoma kazi zangu safi na kuandika pembeni, vizuri, vizuri sana. Mimi nilikuwa namwangalia kidevu. Alikuwa akiuliza kitu, najibu kwa neno moja, anaendelea.

Kwenye chumba cha pili, Jumanne, alikuwepo msichana mmoja wa Kikenya aliyezaliwa hapa hapa London. Mama yake alikuwa nesi. Yeye alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu uliokuwa unamlaza hospitali kila baada ya muda, ndiyo maana shule kubwa ilimshinda. Alikuwa anaelewa Kiswahili chote, anajibu kwa Kiingereza, isipokuwa akitaka kunichokoza.

"Wee, unaandika ama unasuka nywele?"

Shosho kwao ni bibi. Nilikuwa nacheka tu.

"Ukimaliza hiyo sentensi mimi nitakuwa na wajukuu. Nitawaleta wakusalimie. Shosho bado anaandika, wacheni kelele."

Alikuwa mtu pekee nje ya nyumba yetu niliyemzoea.

Jumanne moja ya mwezi wa pili, mwalimu aliweka faili langu pembeni. Alinipa karatasi moja mpya na kalamu, akasema, "Leo sitaki cha nyumbani. Andika hapa hapa. Nieleze chumba hiki. Una dakika arobaini." Akaenda dirishani na kikombe chake.

Niliiangalia ile karatasi. Ilikuwa nyeupe pande zote mbili. Sikuwa na rafu, na kuomba rafu kulikuwa ni kusema, na kusema kulikuwa kunahitaji sentensi, na sentensi nayo ilihitaji rafu. Nikaanza kuandika rafu kichwani. Niliandika kichwani kwamba chumba kina mlango wa kijani, nikakata, kwa sababu haukuwa kijani hasa. Nikatafuta neno la rangi ile. Nikarudi mwanzo. Dakika arobaini zilipoisha kwenye karatasi kulikuwa na mistari minne. Haikuwa na mkato.

Alikaa, akaisoma. Halafu akafungua faili, akatoa kazi ya wiki iliyopita, kurasa mbili kuhusu barabara yetu, na kuziweka bega kwa bega na ile mistari minne. Nami niliona alichokiona. Hata mimi ningedhani hivyo.

"Nani anakusaidia nyumbani?"

"Hakuna."

"Sikukasirikii. Nataka kujua tu. Kuna ndugu? Jirani?"

"Hakuna."

"Unaandika kwanza mahali pengine, kabla ya hii? Kuna rafu?"

Swali lilikuwa rahisi kuliko yote niliyowahi kuulizwa katika nchi hii, na jibu lake lilikuwa limejaa kwenye madirisha yetu mawili. Nikaona mama anakunja karatasi chini ya nguo za kazi. Nikaona yule mama wa Ghana ambaye sijawahi kumwona, na biskuti yake.

"Hakuna," nikasema.

Alivua miwani. "Basi itabidi tuzungumze na mama yako."

Nilipotoka, Mkenya wangu aliniangalia usoni mara moja tu, akaacha utani. Nikamwambia kwa kifupi. Alinijibu kwa Kiingereza, polepole, kama nesi, labda alijifunza kwa mama yake. Alisema mwaka uliopita kulikuwa na mvulana aliyekuwa analeta kazi iliyoandikwa na dada yake. Walipothibitisha, walimrudisha shule kubwa, kwa sababu nafasi ni chache na kuna wanaosubiri. Halafu akaongeza kwa Kiswahili, "Lakini wewe ni wewe unaandika. Si ndio?"

"Ni mimi."

"Si uwaambie basi."

Nilipanda basi. Nilikaa juu, mbele. Nilipitisha kituo chetu, nikaenda mpaka mwisho, nikarudi.

Barua ilifika Ijumaa. Mama alikuwa mezani anachambua maharage. Maharage ya pakiti ya London hayana mawe, na mama alilijua hilo, lakini aliyachambua, kila mara, na kila mara mwishoni aliangalia kiganja kitupu kama aliyedhulumiwa. Mdogo wangu alikuwa upande wa pili anachora farasi. Wakati huo alikuwa na miaka saba.

"Soma," mama akasema.

Niliifungua. Iliandikwa kwa adabu sana. Ilisema shule ina wasiwasi kwamba kazi ninayoleta si yangu, kwamba mama aje Alhamisi ya wiki ijayo saa tano, saa yangu ya Jumanne isubiri kwanza, na kwamba baada ya mazungumzo hayo wataamua kama nafasi yangu iendelee.

"Wanasema," nikasema, "wanasema naendelea vizuri. Wanataka kukuona tu. Wazazi wote wanaitwa."

Mama alitabasamu kwenye maharage.

Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye kiti chake, ameinamia barua, anaisoma ikiwa juu chini. "Si hivyo ilivyoandikwa," akasema kwa Kiingereza.

"Kaa chini wewe."

"Imeandikwa not her own. Mama, they think she's cheating."

Mama hakujua maneno yote hayo, kwamba wanadhani nadanganya, lakini sauti alizijua. Aliacha maharage. "Weye mutoto. Soma tena. Yote."

Nikaisoma yote, neno kwa neno, kwa Kiswahili. Mama alikuwa ameshika punje moja ya harage kati ya vidole na haiachi.

"Ni weye unaandikaka?"

"Ni mimi, Mama. Si unaniona?"

"Minakuona. Kila Jumamosi minakuona, kiti kinalia. Basi kwa nini hukusema?"

"Aliniuliza rafu ziko wapi."

Alielewa papo hapo. Aligeuka akaangalia dirisha, na sote watatu tukaangalia dirisha, hata mdogo wangu ambaye hakujua tunaangalia nini.

"Nilisema hazipo," nikasema.

Mama akarudisha harage kwenye bakuli. "Ulifanya vizuri," akasema. Halafu, "Hapana. Hukufanya vizuri. Sijui." Akaendelea kuchambua. "Ile kazi njo inatulisha. Unajua."

"Najua."

Siku sita zilipita hivyo. Hatukugombana. Mama alikwenda kazini, akarudi, akapika, akanisuka nywele Jumapili kwa nguvu kuliko kawaida. Jumamosi niliandika kazi yangu kama kawaida, maana sikujua kitu kingine cha kufanya. Rafu nilizikunja mwenyewe na kuziweka juu ya friji. Mama alizipita mara nyingi. Hakuzigusa.

Alhamisi asubuhi niliamshwa na baridi. Mama alikuwa amerudi kutoka kazini, mdogo wangu ameshapelekwa shule. Pazia lilikuwa linacheza. Nilitoka chumbani nikamkuta mama amesimama kwenye ubao wangu, ameupandisha juu, pasi mkononi. Madirisha yote mawili yalikuwa wazi nyufa zake, yanapiga mluzi. Juu ya kochi, juu ya meza, juu ya televisheni kulikuwa na karatasi zangu, nyingine bado zimejikunja kama konokono, nyingine zimenyooshwa na kupangwa. Alikuwa anatandika kitenge juu ya kila karatasi na kupiga pasi pole pole, mvuke kidogo, anageuza, anaweka kwenye rundo. Chumba kilinuka wino na vumbi lililolowa.

"Mama, unafanya nini?"

"Mutu hawezi kupeleka kwa mwalimu karatasi ya makunyazi," akasema. "Vaa. Tunachelewa."

"Na kazi yako, wakijua?"

"Vaa."

Nilivaa. Nilianza kumsaidia kunyoosha, na tulifanya hivyo mpaka rundo likawa nene kama kamusi. Zile za juu ya friji aliziweka mwisho. Akafunga zote kwa kitenge, mafundo mawili, akaibeba bahasha ile ya kitambaa kwenye tramu kama anabeba chakula cha msibani, mikono miwili, isiguswe na mtu.

Chumbani shuleni walikuwepo wawili, mkuu wa shule na mwalimu wangu. Mkuu aliuliza kama mama angependa mkalimani kwa simu. Nilimtafsiria. Mama akasema, "Weye uko hapa. Simu ya nini?" Hivyo nikawa mkalimani kwenye kesi yangu mwenyewe. Mimi niliyekuwa na neno moja moja.

Mkuu alieleza yale ya barua. Nikatafsiri. Nilipomaliza, mama alivuta furushi kwake. Alifungua fundo la kwanza, la pili, akakunjua kitenge. Aliweka rundo katikati ya meza, upande wa mwandiko juu, na kiganja chake juu ya rundo.

"Waambie, mutoto wangu anaandika polepole."

"Mama anasema naandika polepole."

"Waambie, polepole sana. Kiti kinalia siku mbili."

Niliona aibu, lakini nikalitafsiri na la kiti.

"Waambie hizi karatasi nilizitoa mimi kwa kazi yangu. Nilizitoa kwa taka, si kwa meza ya mutu. Mutoto hana kosa. Kama kuna mutu wa kupigiwa simu, wapige juu yangu mimi."

Hapo nilinyamaza. Mwalimu akaniangalia. Mama naye akaniangalia, akasema kwa upole, "Sema vile nimesema." Nikasema. Nilisema yote, sentensi nne nzima, na sikutafuta neno hata moja. Ndiyo ilikuwa hotuba yangu ndefu kuliko zote tangu nifike nchi hii.

Mkuu alinyanyua karatasi ya juu. Bila kufikiri akaigeuza upande wa pili, uliochapwa. Mama alishika ukingo wa meza. Mimi nilikuwa najua kilichoandikwa pale, maana nilishazisoma zote, lakini hata mimi niliinama kuitazama. Ilikuwa orodha ya chakula cha wiki cha kantini. Ijumaa, samaki na viazi.

Mzee alisoma mpaka chini. "Wao wana pudini siku mbili," akamwambia mwalimu. Halafu akaigeuza tena, akailainisha kwa mkono, na kuilaza mwandiko juu. "Mwambie mama yako mimi nasoma upande huu tu. Ule mwingine sijauona."

Nilimwambia. Mama aliachia meza.

Mwalimu alikuwa ameshavuta rundo kwake. Alitoa kwenye faili kurasa zangu mbili safi za barabara yetu na kuanza kutafuta. Alipata rafu ya kwanza, halafu ya tatu, halafu ya pili. Aliweka kidole kwenye sentensi ya safi, kidole kingine kwenye rafu, akafuata, akapoteza, akapata tena. Palikuwa na mahali nilipokata neno moja mara sita, na la saba nikaandika kwa Kiswahili na kulizungushia duara. Aliniuliza lile la duara maana yake nini. Nikamwambia ni "ukungu". Aliangalia kwenye safi, akakuta "mist", akaitikia kwa kichwa. Aliendelea hivyo muda mrefu. Tramu zilipita chini, labda tatu. Hakuna aliyeharakisha mtu.

Mwisho alivua miwani ikaning'inia. "Nilikosea," akasema. "Nisamehe."

Kigoma, sikuwahi kuombwa msamaha na mwalimu, na sikujua anajibiwa nini. Nikasema, "Asante." Mkuu aliangalia dari. Mama akauliza, "Amesema nini?" Nikamwambia. Mama akasema, "Mwambie hakuna shida. Lakini mwambie vizuri."

Nafasi yangu iliendelea. Kulikuwa na sharti moja tu, kwamba kuanzia wiki ile nilete rafu pamoja na safi, rafu juu, safi chini. Na nikiandika mle chumbani, nipewe rafu kwanza. Mwalimu alitoa kabatini rimu nzima ya karatasi, haijafunguliwa, akaisukuma upande wetu. Alisema ni ya kwenda nayo nyumbani, na ikiisha niseme. Alimwangalia mama alipolisema hilo, si mimi.

Mama alishukuru. Halafu akaniambia niulize kama karatasi za zamani zitarudi nyumbani.

Mwalimu alishangaa. "Anataka kuzitunza?"

"Hapana," nikasema. "Dirisha."

Ilibidi nieleze habari ya nyufa na kisu cha siagi. Mwalimu aliomba abaki na chache kwa ajili ya faili. Nyingine zote tulizifunga tena kwenye kitenge. Tulipotoka, Mkenya alikuwa kwenye ngazi na kikombe cha chai, amekaa pale makusudi. Alisimama kwa heshima ya mama, akamsalimia, "Shikamoo," kwa lafudhi ya Croydon. Mama akampa mkono, akaitika kwa furaha. Halafu yule msichana akaninong'oneza, "Umebaki?"

"Nimebaki."

"Basi ongeza spidi. Wajukuu wanakuja."

Nyumbani palikuwa baridi kama nje. Hatukuvua makoti. Mama alichukua kisu cha siagi, mimi nikakunja, tukaanza dirisha la kushoto. Zilikuwa ngumu sasa kwa sababu ya pasi, zinakunjika kwa mlio. Tulikuwa tumefika nusu ya fremu aliposimama na karatasi moja mkononi, akaigeuza huku na huku.

"Hii inasema nini?"

Hajawahi kuuliza. Nadhani kabla ya siku ile zilikuwa kwake karatasi tu, zangu na za ofisi. Niliichukua. Ilikuwa rafu ya kazi ya mwezi wa kumi na moja, tulipoambiwa tueleze kazi ya mtu tunayemjua. Nilimwambia inamhusu yeye.

"Soma."

Nilisoma, natafsiri nikienda. Kwamba mama yangu anasafisha ghorofa ya nne na ya tano. Kwamba anaanza mahali pa mbali kabisa, dirishani, na kurudi nyuma na mop mpaka mlangoni, ili asiache alama ya mguu wake hata moja. Kwamba akitoka, mtu anaweza kudhani hakuna aliyeingia.

Mama alisikiliza kichwa kikiwa upande mmoja.

"Sianziake kwa dirisha," akasema.

"Huanzii?"

"Kwa dirisha kuna mameza. Minaanza kwa choo, kisha korido, kisha lifti. Lifti njo ya mwisho. Ulitoa wapi dirisha?"

"Nilifikiri tu."

"Hukuniuliza." Alinirudishia karatasi, akachukua nyingine kwa ajili ya ufa. "Andika vizuri."

Kazi yenyewe ilikuwa imeshapokelewa tangu Novemba, safi, na pembeni yake imeandikwa vizuri sana. Nilishusha ubao wa pasi mpaka usawa wa kiti. Nikachukua penseli, nikakata neno dirisha, nikamwambia aanze tena, choo kiko upande gani.